Kufuli Nyingi, Mlinzi Hakuna: Somo la Majimbo ya Kenya

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa na katiba ya majimbo. Kufikia mwisho wa mwaka 1968, katiba hiyo haikuwa na jimbo hata moja. Katikati hapo hapakutokea mapinduzi, wala hakuna mwanajeshi aliyelizingira bunge. Kila hatua ya kuyaondoa majimbo ililetwa bungeni kama mswada, ikajadiliwa, ikapigiwa kura na kutiwa saini. Anayeamini kwamba katiba ikiandikwa kwa uangalifu wa kutosha itajilinda yenyewe, kisa hiki kinamhusu.

Kinamhusu pia kila anayezungumzia shirikisho leo, awe anawaza kaunti za Kenya, pendekezo la serikali tatu nchini Tanzania, au lile Shirikisho la Afrika Mashariki ambalo Kenyatta, Nyerere na Obote waliahidi Juni 1963 kwamba lingepatikana kabla ya mwaka kwisha. Mwaka huo bado tunausubiri uishe.

Msingi wa serikali ya shirikisho si mgumu kuueleza. Mamlaka hugawanywa kati ya serikali kuu na serikali za sehemu. Mgawanyo huo huandikwa katika katiba, si katika sheria ya kawaida. Na hakuna upande unaoweza kuubadilisha peke yake. Mengine yote ni nyenzo za kuulinda mgawanyo huo: bunge la mabaraza mawili, moja likiwakilisha watu kwa wingi wao na jingine likiwakilisha sehemu za nchi bila kujali ukubwa, mahakama ya kuamua pande mbili zikigombana, na utaratibu mgumu wa kurekebisha katiba. Mkoa katika nchi yenye serikali moja hufanya kazi ulizokabidhiwa na wizara, na wizara ikibadili mawazo Jumatatu, Jumanne mkoa hauna kazi. Jimbo la shirikisho halikukabidhiwa na wizara yoyote. Mamlaka yake yametoka pale pale yalikotoka ya serikali kuu.

Waliodai majimbo nchini Kenya hawakuanza na nadharia hiyo. Walianza na hofu. Chama cha KADU, kilichoundwa Juni 1960 chini ya akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, kiliwakusanya Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Pwani na sehemu ya Waluhya waliohofia kwamba uhuru ungekuwa wa chama cha KANU peke yake, na kwamba nyuma ya KANU yalisimama makabila mawili makubwa, Wakikuyu na Wajaluo. Chini ya hofu ya siasa kulikuwa na hofu ya ardhi. Walowezi walikuwa wanajiandaa kuondoka Bonde la Ufa, na swali lilikuwa nani angekaa kwenye mashamba yao. Walowezi wenyewe, kwa sababu zao, waliuunga mkono mfumo wa majimbo kwa moyo mkunjufu, na msaada huo uliuharibia jina kuliko upinzani wote wa KANU. Hoja njema ikitetewa na mtu asiyependwa huanza kutiliwa shaka kabla haijasikilizwa.

Hata hivyo, hofu si msingi mbaya wa katiba. Wajumbe 55 waliohudhuria mkutano wa Philadelphia mwaka 1787 walikuwa wamejaa hofu. Majimbo madogo kama Delaware na New Jersey yaliogopa kumezwa na Virginia na Pennsylvania, na ya kusini yaliogopa kuguswa biashara na utumwa wao. Seneti ya Marekani, ambamo kila jimbo lina viti viwili liwe kubwa au dogo, haikutokana na busara tupu. Ilitokana na wadogo kukataa kutia saini bila hakikisho. Mapatano mengine ya mkutano ule, likiwemo la kuhesabu kila watumwa watano kama watu watatu, yanatukumbusha kwamba mapatano ya hofu hayawi ya haki kwa kuwa tu yamefikiwa. Lakini serikali ilisimama, na sababu ya kusimama kwake tutaifikia.

Kwanza tutazame kilichojengwa London. Mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1962 ulikubali kimsingi kuwepo kwa majimbo. Tume ya mipaka iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ikazunguka nchini kuuliza watu wanataka kuwekwa na nani, na hasa hawataki kuwekwa na nani. Yakapatikana majimbo sita: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza na Magharibi, huku Nairobi ikikaa peke yake. La saba, Kaskazini Mashariki, liliongezwa mwaka 1963 kwa ajili ya Wasomali, ambao wengi wao walitaka kujiunga na Somalia na hivyo wakasusia uchaguzi wa jimbo walilopewa.

Kila jimbo lilikuwa na bunge lake na rais wa bunge hilo. Ngala akawa rais wa Pwani, Moi wa Bonde la Ufa. Mabunge hayo yalipewa mambo yaliyowagusa wananchi kila siku: elimu ya msingi, serikali za mitaa, sehemu kubwa ya masuala ya ardhi. Bunge la taifa lilikuwa na Baraza la Wawakilishi na Seneti, na Seneti ilikuwa na wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Yote hayo yaliandikwa kwa urefu usio wa kawaida, katika vifungu zaidi ya 200 vyenye mafungu ndani ya mafungu. Ilikuwa katiba ya watu wasioaminiana hata kidogo, na wanasheria waliwahudumia ipasavyo.

Kisha zikaja kufuli. Kubadili kifungu cha kawaida kulihitaji asilimia 75 ya kila baraza. Kubadili vifungu vilivyolindwa maalumu, vikiwemo vya majimbo, kulihitaji asilimia 75 ya Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Tupige hesabu. Asilimia 90 ya maseneta 41 ni maseneta 37. Maana yake, maseneta watano wenye msimamo, watano tu, wangeweza kuizuia serikali nzima ya Kenya isiguse majimbo. Ukiwatafuta wanasheria wa kikatiba popote duniani wakuundie kufuli ngumu zaidi, watapata shida.

Maseneta hao watano hawakupatikana.

Kabla ya kuwalaumu, tuangalie walichokuwa wanaombwa kukilinda. Majimbo yalikuwa na orodha ndefu ya kazi na mfuko mwembamba. Kodi kubwa, yaani ushuru wa forodha na kodi ya mapato, zilikusanywa na chombo cha pamoja cha Kenya, Uganda na Tanganyika, na fungu la Kenya likaingia hazina ya Nairobi. Majimbo yalibakia na kodi ndogo ndogo na ada za leseni, na mengineyo yalitegemea fedha kutoka serikali kuu. Serikali kuu hiyo ilikuwa mikononi mwa KANU, iliyoshinda uchaguzi wa Mei 1963 ikiwa imetangaza wazi kwamba haiyataki majimbo. Ukimpa mpinzani wako kazi ya kukulipa mshahara, usishangae mshahara ukichelewa. Ulichelewa. Makabidhiano ya kazi yakasuasua, watumishi wakabaki wakiitazama Nairobi, na mabunge ya majimbo yakakaa kujadili mambo ambayo hayakuwa na uwezo wa kuyagharimia.

Tatizo la pili lilikuwa la watu. Mwakilishi wa KADU aliyerudi kijijini aliulizwa barabara iko wapi, na hakuwa na jibu, kwa sababu barabara zilitoka kwa wizara na wizara zilikuwa za KANU. Serikali haikuficha kwamba aliye upande wake ndiye atakayepata. Wabunge wakaanza kuhama, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Juu ya hapo, katika mkutano wa mwisho wa London, Septemba na Oktoba 1963, Waingereza walikuwa wamekubali baadhi ya mabadiliko ambayo KANU iliyataka, ikiwemo njia ya kura ya maoni kwa marekebisho yatakayokwama bungeni. KADU walitishia kujitenga, wakatulizwa, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata Kenyatta, kiongozi wa KANU, aliitikisa kura hiyo ya maoni mbele yao, nao wakajua wangeshindwa. Tarehe 10 Novemba 1964, Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na kwamba wanajiunga na serikali.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya makarani. Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na wakuu wa mikoa wakarudi kazini chini ya Ofisi ya Rais. Mwaka 1965 majimbo yakaitwa mikoa, mabunge yao yakawa mabaraza ya mikoa, na kiwango cha kubadili katiba kikashushwa hadi asilimia 65 katika mabaraza yote mawili. Kufuli zilifunguliwa kwanza, kisha zikatupwa, ili wa baadaye wasipate taabu. Mwaka 1968 mabaraza ya mikoa nayo yakafutwa.

Hatua ya mwaka 1966 inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa maana ndiyo inayoonyesha katiba ikifa kwa ridhaa. Seneti iliundwa ili iwe ngome ya wilaya. Kuivunja kulihitaji kura za maseneta wenyewe, na kwa nadharia hakuna baraza linalojipigia kura ya kifo. Lakini serikali iliwaletea mpango mzuri: Seneti na Baraza la Wawakilishi ziunganishwe, viti 41 vipya viongezwe katika bunge moja, na maseneta 41 wavikalie. Uchaguzi uliotarajiwa 1968 nao ukasogezwa hadi 1970. Kwa hiyo seneta hakuombwa kupoteza kitu. Alibaki na kiti, akaongezewa miaka, na kilichopotea kilikuwa cha wilaya yake, ambayo haikuwepo chumbani kura ilipopigwa. Mswada ukapita.

Na aliyekuwa rais wa jimbo la Bonde la Ufa? Desemba 1964 Moi aliingia barazani kama waziri wa mambo ya ndani, Januari 1967 akawa makamu wa rais, na kuanzia 1978 akaitawala Kenya kwa miaka 24 kutoka ofisi moja jijini Nairobi, miaka kama kumi na mitano baada ya kutetea kwa dhati kwamba nchi haiwezi kutawaliwa kutoka ofisi moja jijini Nairobi. Kulikuwa na mantiki ndani yake. Majimbo yalikuwa kinga kwa asiye na dola. Aliyeipata dola hakuhitaji kinga tena. Watetezi wakuu wa mfumo walipoingia ndani, wananchi waliobaki nje hawakuwa na mtu wa kuwasemea, wala hawakuwa wameonja matunda ya mfumo kiasi cha kuutetea wenyewe.

Hapa ndipo tofauti na Philadelphia inapojitokeza. Massachusetts na Virginia hazikuundwa na katiba ya 1787. Zilikuwepo kabla yake kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, zikiwa na mabunge, mahakama, kodi na wanamgambo wao. Zilipokubali kuunda serikali kuu, zilitoa sehemu ya zilichokuwa nacho na kubaki na nyingine. Hivyo hivyo Uswisi mwaka 1848, ambako vijimbo vyake vilikuwa vya kale kuliko shirikisho lenyewe. Majimbo ya Kenya yalichorwa na tume mwaka mmoja na kupewa uhai mwaka uliofuata, kwa hati iliyotoka London. Kifungu kinachoilinda Seneti ya Marekani kinafanana kwa ukali na kile kilichoilinda ya Kenya. Kilichotofautiana ni watu waliosimama nyuma yake.

Mtu anaweza kusema kuwepo kwa mizizi ya kale kunatosha. Uganda inakataa. Katiba yake ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho, na Buganda ilikuwa ufalme wenye karne kadhaa, wenye bunge lake na watu walioupenda. Mei 1966 Obote alituma jeshi kwenye kasri la Mengo, mfalme wake, Kabaka, akakimbilia uhamishoni, na katiba ya 1967 ikazifuta falme zote. Mamlaka ya Buganda yalikuwa na mizizi, lakini yalikuwa ya mmoja ndani ya nchi. Wengine wote waliyaona kama upendeleo, na hakuna jirani aliyejiona ameguswa Mengo iliposhambuliwa. Shirikisho linahitaji sehemu kadhaa ambazo moja ikivamiwa, nyingine zinajua zamu yao inakuja.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliandikwa na watu waliokijua kisa hiki. Pia walijua kilichotokea miaka ya 1990, pale wanasiasa waliokuwa karibu na serikali walipoyafufua majimbo kama kisingizio cha kuwafukuza watu kutoka Bonde la Ufa. Kwa hiyo Kenya si shirikisho leo. Kaunti hazina polisi wala mahakama zake, na nchi inabaki moja yenye ugatuzi. Lakini ukiipima kwa yale yaliyoiangusha ya 1963, imejifunza. Ngazi mbili za serikali zinatajwa kuwa tofauti na zinazotegemeana. Kazi za kila ngazi zimeorodheshwa. Na muhimu zaidi, kifungu cha 203 kinasema kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, zilipewa shilingi bilioni 190. Kufikia 2021/22 zilifika bilioni 370. Fedha bado huchelewa, na magavana bado hutishia kufunga ofisi, lakini sasa wanadai kilicho chao kwa mujibu wa katiba, na wakinyimwa wana mahali pa kwenda. Novemba 2013 Mahakama ya Juu ilitoa maoni kwamba Seneti haiwezi kurukwa katika mswada wa kugawa mapato. Seneti ya 1963 haikuwahi kubahatika hivyo.

Haya yote hayamaanishi kwamba mfumo unafanya kazi vizuri. Juni 2013 serikali ya kitaifa ilitia saini mkataba wa mishahara na chama cha madaktari. Agosti mwaka huo huo huduma za afya zikahamishiwa kaunti, kwa mkupuo, ingawa katiba iliruhusu makabidhiano ya hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mkataba ukabaki bila mwenyewe. Wizara ilisema madaktari ni wa kaunti. Kaunti zikasema hazikutia saini chochote. Mabishano hayo yaliishia kwenye mgomo ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100. Kwa mgonjwa aliyekuta hospitali ya umma imefungwa, mgawanyo wa mamlaka kati ya ngazi mbili za serikali ulikuwa na maana moja tu: kwamba kulikuwa na watu wawili wa kumweleza kwa nini si kosa lao. Katika miaka hiyo hiyo, kaunti ya Makueni iliendesha mpango wa matibabu ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Shirikisho na ugatuzi huruhusu mambo yote mawili, uzembe wa kusukumiana na ubunifu ambao Nairobi isingeufikiria, na hakuna kifungu kinachohakikisha ni kipi kitapatikana.

Mpango wa kurekebisha katiba ulioitwa BBI, ambao Mahakama ya Juu iliuzuia Machi 2022, unaonyesha kilichobadilika. Waandaaji walitaka kuongeza vyeo katika serikali kuu, kikiwemo cha waziri mkuu. Ili wapate uungwaji mkono mashinani, waliahidi kuongeza fungu la kaunti kutoka asilimia 15 hadi 35. Mwaka 1966 serikali iliwapa maseneta viti ili wilaya zipoteze Seneti. Miaka zaidi ya 50 baadaye, aliyetaka kubadili katiba alilazimika kuzipa kaunti zaidi. Magavana 47, mabunge 47 ya kaunti, na maelfu ya wafanyakazi na wakandarasi wanaoishi kwa bajeti zake wamekuwa kundi ambalo hakuna rais anayeweza kulipuuza. Wengi wao hawaitetei kaunti kwa uzalendo. Wanatetea mkate wao, na kwa kazi ya kuilinda katiba hilo linatosha kabisa.

Tanzania ina upande wa pili wa hoja hii ya fedha. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyowasilishwa mwisho wa 2013, ilipendekeza serikali tatu na kupunguza mambo ya Muungano kutoka 22 hadi 7. Mjadala ulipopamba moto, swali lililowasumbua wengi lilikuwa la fedha: serikali ya shirikisho ingeishi kwa nini? Rasimu iliipa ushuru wa bidhaa na michango ya washirika, na wapinzani wakasema serikali inayotegemea michango haiwezi kulipa hata jeshi lake. Bunge Maalumu la 2014 likarudi kwenye serikali mbili. Unaweza kuamini kwamba wapinzani hao walikuwa na sababu nyingine pia, na bado ukakubali kwamba swali lao lilikuwa la msingi. Kenya ya 1963 ilikuwa na majimbo yasiyo na mfuko. Rasimu ile ilileta serikali kuu yenye mfuko wenye mashaka. Upande wowote ukikosa fedha zake, mwenzake ndiye atakayetawala, katiba iseme itakavyosema.

Kwa hiyo, siku itakapowekwa mbele yetu rasimu nyingine ya shirikisho, iwe ya nchi moja au ya Afrika Mashariki nzima, tusianzie kwenye dibaji wala kwenye asilimia za kura za kubadili vifungu. Tuulize kila serikali inayoundwa itakusanya kodi gani kwa mkono wake. Tuulize ni akina nani watapoteza kazi, fedha au ardhi siku mfumo utakapofutwa, na kama wana chombo cha kupinga. Na tuulize wale wanaoutetea leo watafanya nini wakiahidiwa uwaziri kesho. Rasimu isiyo na majibu hayo matatu isipigiwe kura ya ndiyo, hata kama imeandikwa na wanasheria bora duniani. Kenya ilikuwa nayo kama hiyo, na haikufikisha mwaka kabla ya kuanza kubomolewa.